Baba, Mashua Yako Haikupakwa Rangi ya Trekta

Baba,

Mashua yako haikupakwa rangi ya trekta. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula. Tumekula. Mama ni mzima, kile kikohozi kilimwacha mvua zilipopungua. Wadogo wangu wamerudi shule, na mmoja wao ameshapoteza sweta. Na mashua iko majini, Baba, mbao zake zinaonekana tangu ukiwa juu kwenye shamba la ngano.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Nyumbani tuliongea Kimaragoli, na shuleni siku hizi tunaandika kila kitu kwa Kiingereza, lakini karakanani kwako tulikuwa tunazungumza Kiswahili, na haya ni mambo ya karakana. Kimaragoli kitaniliza. Kiingereza hukukipenda, ulisema kinakaa mdomoni kama msumari ulioshikwa kwa meno.

Wacha nikueleze tangu ulipotuacha.

Ulipolazwa na kile kichomi kule hospitali ya misheni, mashua ilikuwa imelala kifudifudi bandani, vile ulivyoiacha. Hakuna aliyekumbuka kuitazama. Bati la banda lilikuwa limetoboka juu yake, na mvua yote ya masika ikawa inadondoka ubavu mmoja, tone, tone, sisi tukiwa mbio kati ya laini, kule kwenye nyumba zetu za wafanyakazi, na hospitali. Tulipokuzika na wageni wakarudi kwao, nilikwenda bandani nikaona vanishi imebambuka kama ngozi ya nyoka. Chini yake plaiwudi imekuwa ya kijivu, mahali pengine nyeupe, mahali pengine bado ile rangi yako ya chai kavu. Nilirudi nyumbani bila kumwambia mtu. Unanijua.

Baba Mdogo Hezron ndiye aliyebaki. Wazee walipokaa kugawa vitu vyako, yeye alipewa sanduku lako la kazi, kama desturi inavyotaka kwa ndugu wa kiume. Sikuwa na kinyongo. Bwana mwenye shamba naye akamwambia amalize kazi zako zote, na ya kwanza ni mashua, kwa sababu Jumamosi wageni wake wangekuja kushinda bwawani. Sasa, Baba, ndugu yako ni fundi, hakuna atakayebisha, lakini ni fundi wa kupaka kuta za maduka mjini. Ukuta unataka nguvu. Alichukua msasa akausukuma kama anayesugua lami, kukata nyuzi za mbao badala ya kufuata nyuzi. Kisha akamuuliza Mama ulikuwa unatoa wapi ile rangi. Mama akamwambia, alikuwa anachemsha magome ya miwati, yale wanayotengenezea ngozi za viatu. Basi akachuna magome, akayachemsha kwenye debe la mafuta ya taa lenye kutu. Kwenye madoa sugu akasugua na pamba ya chuma aliyopewa na mpishi, ile ya kusugulia sufuria za Memsahib, mke wa Bwana, halafu akapaka maji yake ya magome.

Mimi nilikuwa shule. Niliporudi jioni nikasikia vicheko tangu njiani.

Sijui nikueleze vipi. Mashua ilikuwa nyeusi hapa, nyeusi ya kugeukia bluu, kama jicho lililopigwa. Hapa kahawia. Pale kwenye gundi iliyotoka wakati wa kuunganisha, rangi imekataa kabisa, pamebaki peupe kama mabaka ya mtu. Kiptoo, dereva wa trekta, alikuwa ameegemea mlango akishika tumbo. "Hezron, kaka, umezaa fisi! Weka hiyo kitu kwa maji uone kama bata hawatahama shamba." Wanaume wa laini wakacheka mpaka wakakaa chini. Baba Mdogo alicheka pia, lakini masikio yake yalikuwa yameshuka.

Asubuhi yake akaja Bwana mwenyewe, yule tuliyembatiza Bwana Filimbi kwa mluzi wake, na mbwa wake. Alisimama, ule mluzi wake ukakatika katikati. Alizunguka mashua mara moja, akasema kile Kiswahili chake: "Hapana. Hii mashua iko na ugonjwa ya ngozi. Wewe piga rangi ya trekta. Ndani, nje, yote. Maliza leo." Kiptoo akatumwa kuleta kopo la ile rangi ya kijivu ya majembe ya trekta.

Nataka ujue kilichonipata hapo, kwa sababu sijamwambia mtu. Nilikumbuka siku zile plaiwudi ilipofika na gari moshi, nikiwa nakusomea maelezo ya Kiingereza kwenye zile karatasi za michoro, na wewe unaniambia, "Soma tena, polepole, mbao haielewi haraka." Nilikumbuka ulivyozigeuza zile mbao asubuhi nzima, unaziegemeza ukutani, unarudi nyuma, unazigeuza tena, Mama anaita chai inapoa, na wewe husikii. Ulikuwa unatafuta zipi mistari yake itakutana puani mwa mashua. Ukazipata. Kulia na kushoto mistari inapanda pamoja na kukutana kama mikono ya mtu anayeomba. Hakuna mtu aliyekuagiza ufanye hivyo. Bwana hakujua kama inawezekana. Sasa ingefunikwa yote na kijivu, na baada ya mwaka mmoja hakuna ambaye angejua kuwa chini yake kuna kitu. Ingekuwa debe tu linaloelea. Hiyo ndiyo kazi yako ya mwisho, Baba. Nilihisi kama wanakuzika mara ya pili, na safari hii mimi nimesimama nimeshika jembe.

Nilikimbilia nyumbani nikalie huko. Ndipo nikamkuta Mama uani na blauzi yangu ya shule. Nilikuwa nimeimwagia wino darasani. Alikuwa ameitandaza juani, anakamua ndimu juu ya doa, anatia chumvi, anasugua kwa kidole. Na lile doa, rangi yake ilikuwa ileile. Nyeusi ya kugeukia bluu.

Mwalimu wetu alikuwa ametuambia darasani kwamba wino wa zamani ulitengenezwa kwa magome machungu na chuma. Nililiandika wakati ule kama mengine yote, nikalisahau. Lakini uani pale lilinisimamia mbele ya macho. Magome. Debe. Pamba ya chuma. Baba Mdogo hakuwa ameharibu rangi yako. Alikuwa amepika wino, akaandika nao mashua nzima! Na ndiyo maana wewe hukuwahi kutumia debe. Ndiyo maana kila mara ulimnyang'anya Mama chungu chake cha udongo, na Mama anapiga kelele laini nzima isikie, "Mnaona? Chungu cha mboga kinapikiwa viatu!" Hukuniambia kwa nini. Labda hata wewe hukujua sababu, ulijua tu kwamba chungu kinatoa rangi safi. Ningependa kukuuliza.

Nilimpokonya Mama nusu ndimu. "We Dorika! Unaenda wapi na ndimu yangu?" Nilishafika kwenye ua wa miti.

Banda halikuwa na mtu. Nilijipenyeza chini ya kiti cha mashua, mahali ambapo hata nikiharibu hakuna atakayeona, nikasugua. Hakuna kitu. Nikasugua tena, nikangoja, nikapuliza. Nyeusi ikawa hudhurungi. Hudhurungi ikawa njano. Halafu mbao, Baba. Mbao yenyewe, na mistari yake. Nilicheka peke yangu chini ya kile kiti kama mwendawazimu.

Sasa kuna jambo ambalo nakuungamia wewe tu. Kiptoo aliporudi na kopo, na Baba Mdogo akachukua brashi, na Bwana akaja kutazama, mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mbao zilizopangwa. Nilikuwa na ndimu mkononi na jibu kichwani na sikuweza kutoka. Kiptoo alifungua kopo kwa bisibisi, akakoroga na kijiti. Harufu ikanifikia. Baba Mdogo akachovya. Ulizoea kuwaambia wageni, "Huyu sauti yake ameiweka akiba," na mimi nacheka na kuficha uso nyuma ya mlango. Basi nilifikiri, akiba hii naiwekea nini?

Nilitoka. Nikazungumza kwa Kiingereza. Sikuwa nimewahi kumsemesha Bwana hata kwa Kiswahili, unajua. Nafikiri nilichagua Kiingereza kwa sababu kwa Kiingereza sikuwa mimi kabisa. Nilikuwa msichana fulani wa kitabuni ambaye hana aibu. Nilimwambia asiipake. Nilimwambia nyeusi inatoka na nimeshaitoa mahali, aje aone. Nilimwambia inaweza kurudi ilivyokuwa, na kama haikurudi, kopo lipo hapo.

Baba Mdogo ameshika brashi hewani, rangi inadondoka kwenye kiatu chake.

"Hii toto ya nani?" Bwana akauliza.

"Mtoto wa fundi, Bwana," Baba Mdogo akajibu. "Marehemu."

Bwana akapiga magoti, na suruali yake safi, akachungulia chini ya kiti. Alikaa huko kidogo. Alipotoka akasema, "Jumamosi asubuhi mimi nakuja tazama. Kama bado fisi, piga rangi." Kumbe lile jina la fisi lilishafika mpaka nyumba kubwa! Akaenda, mluzi wake ukarudi.

Wanaume walipotawanyika Baba Mdogo aliniambia, "Umenivua nguo mbele ya watu, mtoto wa ndugu yangu." Nikamshika mkono nikamwonyesha. Alipitisha kidole pale mbao ilipokuwa safi, akakiweka kwenye ulimi. Akakunja uso. "Ndimu?" Nikamweleza habari za debe na chungu. Alikaa juu ya benchi lako, akaanza kucheka, polepole, kile kicheko chenu nyinyi nyote mliotoka nyumba ya Kuku, mama yenu. "Kumbe kaka alikuwa anapika mashua kama mboga." Kisha akafungua sanduku lako, na ufunguo akautundika kwenye msumari chini kabisa, ninapofikia.

Tulifanya kazi, Baba. Ungetuona! Mama alimwendea mpishi wa Memsahib kuomba ndimu, na watoto wa laini wakakaa mstari wanakamua, macho yanawatoka machozi. Mpishi akasema Memsahib ameuliza kama kuna ugonjwa wa mafua huko laini. Tulianza kwa kukwangua vanishi ya zamani na vipande vya kioo kama ulivyonifundisha, kioo kimelazwa, mkono haulazimishi, kufuata nyuzi tu. Halafu msasa mwembamba. Nilimwambia Baba Mdogo kwamba ule ubao wa juu wa plaiwudi ni mwembamba kama ganda la kitunguu, ukisukuma unatokea upande wa pili. Akasema, "Sasa unaniambia?" kwa sababu kwenye ukingo wa juu alishatokea upande wa pili, sehemu ndefu, na safu ya ndani yenye nyuzi zilizolala vingine ilikuwa inatutazama.

Kisha ndimu, na maji mengi ya kusuuza, na kukausha. Kabla ya rangi nilifanya jambo ambalo ulikuwa ukilifanya bila kunieleza, lakini nilikuwa nakuangalia. Ulichanganya vanishi kidogo na tapentaini nyingi ukaipaka kwanza, ili mbao inywe sawasawa, isiwe huku ina kiu na huku imeshiba. Ulipokuwa unafanya mimi nilidhani unaonja tu brashi.

Siku ya kuchemsha magome Baba Mdogo kwa mazoea akashika debe. Kabla sijafungua mdomo Mama akaingia uani na chungu chake. Alikipangusa kwa leso, akakiweka juu ya mafiga, akatia magome yeye mwenyewe. Nilimwona akitabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu mazishi.

Rangi ilikubali. Nilipaka kwa kitambaa, ubavu mzima bila kusimama, kutoka puani hadi mkiani, Baba Mdogo akitembea kando yangu na bakuli na kusema, "Isikauke, isikauke, endelea." Mabaka ya gundi nilikuwa nimeyakwangua moja moja kwa ncha ya patasi. Ukitafuta sana utayaona mawili. Usitafute sana.

Lakini ule ukingo ulioliwa na msasa ulikataa. Kila nilivyofanya ulibaki mweusi kidogo, umechanganyika, kama mtu aliyevaa nguo nzuri na kola chafu. Nilikaa chini. Baba Mdogo alisema, "Basi ndio hapo, tumejaribu." Na debe lake lilikuwa bado pembeni, na ule wino wake ndani. Nikalitazama. Nikachukua uzi wako wa chaki, nikapiga mstari kuzunguka mashua yote chini ya ukingo, nikamwambia, "Baba Mdogo, lete wino wako." Juu ya ule mstari tulipaka nyeusi, mashua nzima, kwa makusudi, upana wa vidole vitatu. Yeye ndiye aliyeipaka. Mkono wake wa kukata mstari kwenye kuta za maduka, Baba, haukutikisika hata mara moja. Alipomaliza alirudi nyuma akaweka mikono kiunoni. "Sasa hiyo," akasema, "hiyo ni yangu." Nami nikasema ndiyo, ni yake.

Vanishi tulipaka nyembamba, moja juu ya nyingine, ukungu ukishainuka na kabla ya mvua ya mchana, kama ulivyozoea. Tulimwagia sakafu maji vumbi lilale. Kuku mmoja aliingia, akatoka akiwa ameelimika.

Jumamosi Bwana alikuja. Akainama, akatazama ubavu dhidi ya mwanga, upande huu, upande ule. Halafu alimwambia Kiptoo arudishe kopo stoo. Basi. Hilo tu. Lakini wageni walipofika na mashua ikateremshwa, mmoja wa wale wamama wao alivua glavu akapitisha kiganja kutoka puani mpaka nyuma, kama anayepapasa farasi, akauliza nani amefanya kazi hii. Bwana akasema, imetengenezwa hapahapa shambani. Nilikuwa nimesimama karibu na mizizi ya mti ukingoni mwa bwawa. Baba Mdogo akanisukuma mgongoni. "Taja jina." Nilipiga hatua mbele, yule mama akanitazama, na nikasema, "Baba yangu." Kwa sauti ya panya. Jina lako halikutoka, Baba. Yule mama akatabasamu, akageuka.

Niliumia. Mchana wote niliumia, katikati ya furaha ile.

Halafu wageni walipopanda kwenda chai, Kiptoo akaambiwa airudishe mashua ng'ambo ya bwawa. Akashika makasia, akaniangalia. "Fundi," akaniita. Si kwa mzaha, Baba, ningejua. "Panda haraka kabla Bwana hajamaliza chai yake." Nilipanda. Siwezi kuogelea, nilishika ubao wa kiti kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yanarudisha mwanga kwenye ubavu kwa ndani, na ile mistari yako ilikuwa inatembea.

Tulipofika katikati nikainua macho. Sikuwa nimewahi kulitazama shamba kutoka upande wa maji. Na nikaona kila kitu kwa mara moja. Paa la stoo ya ngano. Lango la boma la ndama. Daraja dogo la mbao. Mnara wa kengele ya kanisa letu, na madirisha ya shule ninayokaa ndani yake kila siku bila kufikiri. Ukumbi wa nyumba kubwa, pale walipokuwa wanakunywa chai yao, nguzo zote. Ni wewe. Ni wewe, Baba, popote nilipogeuka ni mikono yako. Nilijua moja moja. Sikujua ni vingi hivyo.

Nikasema jina lako. "Zakaria." Kiptoo akaacha kupiga makasia. Nikalisema tena na jina la baba yako, kwa sauti, mpaka likapita juu ya maji na bata wakaruka kwenye mafunjo. Kiptoo hakucheka. Alisema tu, "Ndiyo. Yeye." Kisha akaendelea kupiga makasia.

Naona fahari, Baba. Mchungaji anasema tujihadhari na fahari, na nimejaribu. Siwezi. Naona fahari kwa ajili yako, na kidogo, kidogo sana, kwa ajili ya mikono yangu, ambayo mpaka leo inanuka ndimu.

Pumzika sasa. Bati la banda tumeliziba. Kila mwaka mahindi yakishavunwa na jua likishika, nitaipandisha nchi kavu, niikwangue, niivishe upya, hata kama nitakuwa nimeolewa au niko mbali nafundisha mahali, nitakuja. Na safari nyingine mtu akiweka kiganja juu ya mbao zako akauliza ni kazi ya nani, hatasikia panya. Atasikia jina zima.

Kwaheri, Baba yangu.

Mimi binti yako,
Dorika